Utani katika Televisheni: Uhakiki wa Kipindi cha TV Burp

Ziko kazi za sanaa zisizoweza kusimama zenyewe. Sharhi haiwi sharhi pasipo matini. Jibu la shairi halieleweki vema pasipo shairi lililojibiwa. Na mwigo wa kuchekesha haumchekeshi mtu asiyekijua kilichoigwa. Kazi za jamaa hii aghalabu hupewa daraja ya chini na wahakiki, kwa kudhani kwamba kitegemeacho kingine hakina thamani ya nafsi yake. Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo kwa mfano mmoja, nao ni kipindi cha televisheni cha Uingereza kilichoitwa Harry Hill's TV Burp, ambacho kazi yake ilikuwa kuvicheka vipindi vilivyoonyeshwa katika juma lililopita. Hoja zetu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kipindi hiki kilikuwa uhakiki wa kweli. Ya pili ni kwamba, kati ya maneno mengi tuliyo nayo ya kutaja kicheko cha namna hii, neno lifaalo ni utani. Na tofauti iliyopo baina ya utani na dhihaka ndiyo iamuayo ubora wa kazi hizi, na ndiyo ionyeshayo pia mpaka wa nguvu zake.

Kwanza yafaa tueleze habari za kipindi chenyewe, maana huenda wasomaji wengi hawakupata kukiona. Harry Hill ni jina la jukwaani la Matthew Hall, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1964. Alisomea udaktari jijini London, akafanya kazi hiyo kwa muda mfupi, kisha akaiacha akaingia katika uchekeshaji. Kipindi chake kilijaribiwa katika kituo cha ITV mwishoni mwa mwaka 2001, kikaanza kuonyeshwa kwa mfululizo mwaka 2002, kikaendelea kwa misimu 11 hata kikafikia mwisho wake tarehe 7 Aprili, 2012. Mwaka 2008, na tena mwaka 2009, kilipewa tuzo ya BAFTA kwa kuwa kipindi bora cha burudani, na Hill mwenyewe akapewa tuzo ya mtumbuizaji bora katika miaka hiyo hiyo miwili. Kilipokuwa katika kilele cha sifa zake kilionyeshwa Jumamosi jioni, wakati ambao watoto, wazazi na wazee wao waliweza kuketi pamoja mbele ya chombo kimoja. Jambo hili la wakati si dogo, nasi tutalirudia.

Umbo lake lilikuwa jepesi. Hill aliketi nyuma ya meza kama msoma habari, amevaa suti nyeusi na shati lenye ukosi mkubwa kupita kiasi. Alionyesha kipande kifupi cha kipindi fulani, akakisimamisha, akasema neno, akaendelea na kingine. Mara kwa mara watu waliovaa mavazi ya vichekesho waliingia kuigiza jambo lililotajwa. Na mwishoni aghalabu palikuwa na wimbo. Neno la mwisho la jina la kipindi maana yake ni mbweu, ile hewa imtokayo mtu kinywani baada ya kula. Jina hili limechaguliwa kwa akili. Abeuaye ameshiba, naye hawezi kujitenga na karamu akasema kwamba hakuila. Hill hakujifanya mgeni aliyepita njiani akashangaa ujinga wa wenyeji. Alikuwa mlaji miongoni mwa walaji.

Vipindi alivyovicheka vilikuwa vya kila aina, lakini chakula chake kikuu kilikuwa ile michezo ya kuigiza isiyokwisha ambayo Waingereza huifuata mwaka hata mwaka: Coronation Street, iliyoanza mwaka 1960, Emmerdale, iliyoanza mwaka 1972, na EastEnders, iliyoanza mwaka 1985. Juu ya hiyo aliongeza vipindi vya mapishi, vya hospitali, vya wanyama, vya watu wenye tabia za ajabu, na mashindano ya vipaji. Ili kupata nusu saa moja, Hill na waandishi wenzake walilazimika kutazama saa nyingi za televisheni, na kuzitazama kwa makini kuliko walivyotarajia wale waliozitengeneza.

Makini hayo ndiyo siri ya kazi yote. Kila kipindi cha televisheni huliongoza jicho la mtazamaji. Kamera humsogelea anayelia ili nasi tumhurumie. Muziki huingia ili tujue kwamba jambo kubwa limetukia. Sauti ya msimulizi hutueleza tunachopaswa kukiona hata kabla hatujakiona. Hill alikataa kuongozwa. Alitazama kilichomo katika picha, si kile alichoambiwa akitazame. Mhusika anapoomboleza mbele ya kamera, yeye huuliza habari za birika lililo nyuma yake. Mtu anaposema neno kwa mafumbo, yeye hulichukua kwa maana yake ya juu juu na kulifuata hata mwisho wake wa kipuuzi. Na vipande viwili vya vipindi visivyojuana huviunganisha kana kwamba mambo yote ya televisheni hutukia katika kijiji kimoja, ambamo mpishi wa kituo hiki na muuaji wa mchezo wa kituo kile ni majirani.

Tabia hizi tatu, yaani kutazama pembeni, kushika neno kwa maana yake ya wazi, na kuunganisha visivyounganika, si ngeni kwa mhakiki wa fasihi. Ndizo kazi zetu wenyewe. Mwanafunzi wa ushairi hufundishwa asichukuliwe na mkondo wa wimbo hata akasahau maneno yaliyomo. Hufundishwa kusimama penye neno moja na kuuliza limefikaje hapo. Hill alifanya hivyo hivyo kwa picha, na kicheko kilichotokea kilikuwa kicheko cha mtu aliyegundua kwamba kitu kilikuwa mbele ya macho yake siku zote naye hakukiona. Ndiyo sababu twasema kwamba hapa pana uhakiki. Mtazamaji aliyezoea kipindi hiki hakuitazama tena televisheni kwa jicho lile la kwanza. Alianza kuyaona mabirika mwenyewe.

Mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa mapigano. Kabla ya kukatiza kwa matangazo ya biashara, Hill alichukua vitu viwili vilivyotajwa katika kipande, akasema kwamba anakipenda hiki na anakipenda na kile, akauliza kipi kilicho bora, kisha akatangaza kwamba njia ya kujua ni moja tu, nayo ni vipigane. Hapo watu wawili waliovaa mavazi ya vitu hivyo waliingia na kupigana kwa fujo. Kwa juu huu ni utoto mtupu, na watoto waliupenda kwa sababu hiyo. Lakini yafaa kukumbuka ni miaka gani hiyo. Strictly Come Dancing na The X Factor vilianza mwaka 2004, na Britain's Got Talent mwaka 2007. Burudani ya Jumamosi jioni ikawa ni kulinganisha, kupiga kura na kumfukuza mmoja. Mapigano ya Hill yalichukua desturi hiyo na kuivua nguo zake. Watu wakiamini kwamba kila vitu viwili lazima vipatikane na mshindi, basi hata mboga mbili zaweza kushindanishwa. Hakulisema hilo kwa hotuba. Aliwaacha waliovaa mavazi ya mboga waseme kwa ngumi.

Sasa tufike kwenye suala la istilahi, ambalo ndilo liletalo kazi hii karibu na shughuli za wanalugha. Kiswahili ni tajiri wa maneno ya kicheko chenye lengo. Tuna dhihaka, ambayo humshusha mtu. Kejeli, ambayo husema kinyume cha inachokusudia. Tashtiti, ambayo hulenga uovu wa watu au wa serikali kwa nia ya kuufichua. Na mzaha, ambao hauna lengo kubwa ila kufurahisha. Juu ya yote hayo tunao utani, nao si aina ya maneno tu, bali ni uhusiano. Neno lile lile likitamkwa na mtani ni mchezo, na likitamkwa na mwingine ni tusi. Mtani huweza kuja hata msibani akaigiza mwendo wa marehemu na kuudai urithi wake, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Nao hawana haki ya kukasirika, kwa maana siku ya msiba wa mtani zamu itakuwa yao.

Kutokana na desturi hiyo twaweza kupata masharti matatu ya utani: kwanza ujirani, maana hakuna utani baina ya watu wasiojuana, pili idhini, ambayo hutolewa na desturi, si na mcheshi mwenyewe, na tatu kurudishiana, yaani anayecheka awe tayari kuchekwa. Tukikipima kipindi cha Hill kwa masharti haya, tutaona kwamba kinayatimiza kwa sehemu kubwa. Ujirani upo, kwa kuwa aliyoyacheka ni yale ambayo yeye na watazamaji wake waliyatazama jioni zilizotangulia. Idhini ipo, maana kituo cha ITV kiliviacha vipindi vyake chenyewe vichekwe ndani ya nyumba yake. Na kurudishiana kupo pia: mara nyingi katika wimbo wa mwisho aliingia mtu aliyeonekana katika mojawapo ya vipindi vilivyochekwa, akaimba pamoja na yule aliyemcheka. Hata ukosi ule mkubwa una maana yake. Mtu aliyejivika kichekesho shingoni hawezi kudai kwamba amesimama juu ya wenzake.

Thamani ya jambo hili huonekana tukimlinganisha Hill na wengine wawili waliofanya kazi iliyo jirani na yake. Clive James, Mwaustralia aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2019, alikuwa mhakiki wa televisheni wa gazeti la The Observer kuanzia mwaka 1972 hadi 1982, na makala yake yaliifanya kazi hiyo iheshimiwe kama uandishi. Lakini mwaka 1982 alipoanza kipindi chake katika ITV, sehemu kubwa ya kicheko ilitoka katika televisheni za mataifa mengine. Maarufu kuliko zote zilikuwa picha za shindano la Kijapani ambamo vijana walijitia katika mateso ili kuonyesha uvumilivu wao. Waingereza walicheka sana. Hata hivyo Wajapani wale hawakuwapo, hawakujua kwamba wanachekwa, wala hawakuwa na njia ya kurudisha. Ujirani haukuwapo, na ulipokosekana, utani uligeuka kuwa kushangaa wageni. Kalamu ya James ilikuwa kali na nzuri kuliko ya Hill. Lakini katika jambo hili moja mchekeshaji alikuwa na adabu iliyompungukia mwandishi.

Wa pili ni Charlie Brooker, aliyeandika makala za televisheni katika gazeti la The Guardian kabla ya kuanza Screenwipe katika BBC Four mwaka 2006, kisha Newswipe mwaka 2009, na Weekly Wipe katika BBC Two kuanzia mwaka 2013 hadi 2015. Kwake yeye neno tashtiti ndilo lifaalo. Brooker hakusema kama jirani. Alisema kama mtu aliyekasirishwa. Katika kipande kimoja cha Newswipe cha mwaka 2010 aliigiza taarifa ya habari isiyo na habari yoyote: akatembea kuielekea kamera huku akieleza kwamba sasa anatembea kuielekea kamera, akataja aina ya picha inayofuata wakati picha hiyo ikitokea, akaleta maoni ya wapita njia yasiyo na maana na kusema kwamba ni maoni yasiyo na maana. Kwa dakika chache aliifundisha sarufi ya taarifa za televisheni vizuri kuliko vitabu vingi. Tofauti ya wawili hawa ni kwamba Brooker huitaja kanuni na kuieleza, ilhali Hill huivunja ili tuisikie ikivunjika. Mtu angeweza kuuliza yupi aliye bora. Lakini tumekwisha kuona swali la namna hiyo huishia wapi.

Hata sheria ya Uingereza ilibabaika katika suala hili la kicheko na uhakiki. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1988 iliruhusu sehemu ya kazi ya mtu mwingine kutumiwa kwa haki kwa ajili ya uhakiki, mradi mwenyewe atajwe. Lakini haikutaja mwigo wa kuchekesha kuwa sababu ya kuruhusiwa. Ruhusa hiyo iliongezwa mwaka 2014, miaka miwili baada ya TV Burp kukoma. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 25 sheria ilimtambua anayepima kazi kwa uso mkavu, lakini haikumpa jina lake anayeipima kwa kucheka. Wahakiki wa fasihi hawana haki ya kuwalaumu wanasheria kwa hilo, maana nasi tumekuwa na desturi hiyo hiyo.

Baada ya sifa hizo, ni wajibu tutaje kasoro. Ya kwanza inatokana na sharti la kurudishiana. Mwigizaji anapochekwa ana ngao, kwa kuwa kinachochekwa ni mhusika aliyemwigiza. Lakini vipindi vya watu wenye tabia za ajabu na mashindano ya vipaji viliwaleta watu wa kawaida waliojileta wenyewe kama walivyo, bila ngao yoyote. Wapo walioalikwa kushiriki katika mchezo. Lakini walio wengi walichekwa kwa sekunde chache mbele ya mamilioni, kisha wakaachwa. Kwao utani ulikuwa wa upande mmoja. Kasoro ya pili ni mazoea. Katika misimu ya mwisho kipindi kilianza kujilisha chenyewe: vichekesho vilirudi kwa kuwa vilizoeleka, na viumbe wa kubuni, kama Wagbo, yule mtoto wa kuzuliwa wa washindani wawili wa The X Factor ya mwaka 2010, walichukua nafasi ya makini yale ya awali. Macho yaliyokuwa yakiitazama televisheni yaligeuka yakajitazama.

Kasoro ya tatu ni nzito zaidi, nayo imo katika tabia ya utani wenyewe. Utani hulinda amani. Huwaacha watu waseme yasiyosemeka ili kesho waendelee kuishi pamoja kama walivyoishi jana. Hill hakuuliza ni nani anayefaidika kwa mashindano ya vipaji, wala kwa nini familia hulipwa kidogo ili ioneshe aibu zake hadharani. Kituo kilichochekwa ndicho kilichouza matangazo ya biashara katikati ya kicheko. Kwa hiyo anayetaka kicheko kinachotikisa milango ya wenye mamlaka asimtafute mtani. Amtafute mwenye tashtiti. Lakini yatupasa tuwe waangalifu tusimlaumu mtani kwa kutokuwa askari. Tashtiti humfundisha mtazamaji kuishuku televisheni. Utani ulimfundisha kuitazama. Na mtu asiyetazama hawezi hata kushuku vema.

Limebaki suala la kudumu. Yasemekana kwamba kazi itegemeayo mambo ya juma moja hufa pamoja na juma hilo. Katika fasihi yetu tunao mfano wa kulipima neno hilo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu mwaka 1776 hadi 1840, alitunga mashairi mengi ya kujibu watu na matukio ya mji wake, na W. Hichens alipochapisha diwani yake mwaka 1940, ilikuwa imekwisha kupita karne nzima. Msomaji wa leo huhitaji maelezo ili ajue Muyaka alikuwa akimjibu nani na kwa sababu gani. Katika baadhi ya mashairi sauti ya mjibu imebaki, na sauti ya aliyejibiwa imepotea. Hata hivyo tunamsoma. Tukio limekufa, lakini namna ya kuliona tukio haikufa nalo.

Hill ana bahati ambayo Muyaka hakuwa nayo: alichokijibu kimo ndani ya jibu lake. Kila kichekesho kimebeba kipande chake, kama sharhi iliyoandikwa pembezoni mwa matini. Hili si jambo dogo katika sanaa ambayo haikujua kujihifadhi. BBC yenyewe ilifuta kanda nyingi za vipindi vyake vya miaka ya 1960 na 1970, kwa kudhani kwamba hakuna atakayevihitaji tena. Vipindi vidogo vya miaka ya 2000, vile ambavyo hakuna atakayeviandikia historia, vimepata humu mahali pa kukaa. Na mtafiti atakayetaka kujua Waingereza walitazama nini katika juma fulani la kawaida, watu wakitafuna chakula chao cha jioni, atamkuta mcheshi amekwisha kumtangulia.

Tulisema tutarudia jambo la wakati. Utani wahitaji kijiji. TV Burp kiliwezekana kwa sababu watu wengi walitazama mambo yale yale katika siku zile zile, na Jumamosi wakakutana kuyacheka. Kilipokoma mwaka 2012 desturi hiyo ilikuwa imeanza kulegea, kila mtu akichagua kipindi chake kwa saa yake. Mwaka 2013 kituo cha Channel 4 kilianza Gogglebox, kipindi ambacho huwaonyesha watu wa kawaida majumbani mwao wakitazama televisheni na kuisema. Kina uchangamfu wake, lakini ndani yake aliyekuwa akitazama amekuwa mwenye kutazamwa, na kile kinachotazamwa kimesogezwa pembeni.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Kazi itegemeayo kazi nyingine haipungui kwa sababu ya kutegemea. Hupungua pale inapoacha kuitazama ile inayoitegemea. Maadamu Harry Hill alitazama, kicheko chake kilikuwa uhakiki, na uhakiki wake ulikuwa na upole usiopatikana kwa wengi wenye kalamu kali. Na ikiwa istilahi zetu za uhakiki zimeweka mbele tashtiti na kejeli, na kuuacha utani kwa wanaochunguza mila, basi yafaa tuuite urudi katika fasihi, maana yako mambo ambayo neno hilo huyaeleza na mengine yote hayayaelezi.